Mwalimu Hampitishi Anayempenda

Uvumi ule ulimfikia Kidoti ukiwa umefungwa ndani ya shuka chafu. Mteja mmoja, mama mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, alibwaga furushi lake juu ya meza ya dobi, akajipepea kwa kiganja, akasema kama mtu anayeulizia bei ya sabuni:

"Binti yako bado anasoma kwa yule mwalimu wa Kiingereza wa jioni?"

"Bado," mama yake Kidoti alijibu, huku akifungua furushi.

"Haya. Mungu amsaidie. Maana yule, wanasema, hampitishi anayempenda."

"Hampitishi wapi?"

"Mtihani, shoga! Akishakupenda, wewe ndiyo mwanafunzi wa kudumu. Wenzako wanatoka mlangoni, wewe unabaki kumfutia ubao. Muulize yule dada wa duka la dawa, alianza yeye. Lakini mimi sisemi kitu. Shuka zangu usizitie wanga mwingi, zinanichoma."

Akaenda zake, akaacha maneno yake pale mezani pamoja na shuka.

Nyuma ya pazia, Kidoti alikuwa anapiga pasi. Watu walimwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi chini ya mdomo wake, na jina lilikuwa limemkaa hata mama yake alilisahau lile la kuzaliwa. Shati alilokuwa nalo mkononi lilikuwa jeupe, la mikono mirefu, lenye vumbi la chaki lililogoma kutoka kwenye pindo za mikono. Shati la Mwalimu. Aliposikia yale maneno, mkono ulisimama, pasi ikatulia juu ya kola mpaka harufu ya kuungua ikapanda.

"Unaunguza!" mama yake alipiga kelele, akavuta pazia. "Unaunguza nguo ya watu!"

"Siunguzi." Kidoti aliinua pasi. Kwenye kola palibaki alama ya rangi ya chai. "Mama, umesikia aliyosema yule?"

"Mimi si kiziwi."

"Ni uongo."

"Sijasema ni kweli."

"Lakini unanitazama hivyo."

"Nakutazama kwa macho niliyo nayo, sina mengine." Mama alichukua lile shati, akaligeuza geuza kwenye mwanga. "Lisemwalo lipo, mwanangu. Kama halipo, liko njiani. Mwaka jana alikwambia nini? Hujaiva. Katikati ya mwaka? Hujaiva. Mwezi uliopita? Hujaiva. Hata ndizi ya kuvundika huiva, wewe tu ndiye usiyekauka utomvu?"

"Fasihi ni ngumu, mama. Kiingereza ni kigumu. Wewe hujui."

Neno likatoka, na Kidoti akatamani kulirudisha. Mama yake alikuwa ameishia shule ya msingi. Kila mtu mtaani alilijua hilo, na ndani ya nyumba hakuna aliyelitamka.

Mama hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alichovya kitambaa kwenye maji ya siki, akaanza kuisugua ile alama taratibu.

"Kweli sijui," alisema. "Ila nimewahi kupendwa, hilo nalijua. Na nakwambia leo, asiyetaka upite mlangoni atakusifia kiti ulichokalia."

*

Mlango wenyewe ulikuwa mmoja tu. Kidoti, mwanamke mzima wa miaka ishirini na mitano, alitaka kuingia chuo cha uuguzi. Masomo mengine yote alikuwa nayo mkononi. Kiingereza ndicho kilichomkwamisha, na katika Kiingereza, ile karatasi ya fasihi. Ndiyo maana kila jioni, mikono ikiwa bado inanukia sabuni, alipanda ngazi hadi chumba kile cha ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo, ambako Mwalimu alifundisha watu wazima waliotaka kurudia mtihani. Kila muhula Mwalimu ndiye aliyechagua nani ameiva na nani angoje. Majina ya walioiva yalipelekwa na yeye mwenyewe. Na ya muhula huu yalikuwa yanapelekwa kesho.

Alikuwa na desturi yake, Mwalimu. Karatasi za majaribio hakuzirudisha. Alikuita mezani kwake mmoja mmoja, akakuinamia, akakunong'oneza ulivyofanya. Alisema ni heshima, watu wazima wasiaibishwe mbele za wenzao. Kidoti aliipenda desturi hiyo. Aliupenda mnong'ono wenyewe, ule upepo mdogo uliomgusa sikio, na jinsi Mwalimu alivyotua kidogo kabla ya kusema, "Bado kidogo, Kidoti. Bado kidogo tu."

Mapenzi yao yalianza siku ya tashbihi. Mwalimu alisimama mbele ya ubao, mrefu, mwembamba, sauti yake nzito isiyo na haraka. "Tashbihi," alieleza, "ni kukifananisha kitu na kingine kwa neno la wazi. Kama. Mithili ya. Kwa mfano: 'Alicheka kama maji yanayomiminwa kwenye mtungi mkavu.'" Na aliposema hivyo alimtazama Kidoti, akasahau kuandika. Darasa zima liligeuka. Mzee mmoja mlinzi wa ghala, ambaye alikuwa anasoma ili asipitwe na wajukuu zake, alikohoa kikohozi kile cha watu wenye meno machache na akili nyingi.

Baada ya hapo kila somo lilikuwa lao wawili. Siku ya sitiari, ambayo haisemi 'kama' bali inasema ndiyo yenyewe, Mwalimu alimwambia kwenye ngazi, "Wewe ni taa yangu." Siku ya chuku, yale maneno ya kuongeza chumvi, alimwambia, "Ukikosa darasa siku moja, naona miaka." Kidoti alirudi nyumbani akielea. Alipiga pasi mashati ya watu huku akitabasamu peke yake, mama yake akitikisa kichwa.

Na wiki hii Mwalimu alikuwa amesema neno kubwa. "Muhula huu usijisumbue na mtihani. Jumapili nawatuma wazee wangu kwa mama yako. Tuoane kwanza. Mtihani upo tu, mtihani haukimbii."

Maneno yale yalikuwa yameyeyuka moyoni kama sukari. Sasa, pasi mkononi, Kidoti aliyaonja tena, akahisi kitu kama mchanga chini ya ulimi.

Alizima pasi. "Mama, naenda duka la dawa."

"Unaumwa?"

"Nataka kujua kama naumwa."

*

Yule wa duka la dawa ndiye aliyetajwa na uvumi. Alikuwa dada mrefu, mwenye macho ya kuchoka na mikono ya haraka, koti jeupe limefungwa vifungo vyote. Alimaliza kumhudumia mteja, akamgeukia Kidoti.

"Nikusaidie nini, dada?"

"Sina cheti cha daktari."

"Basi unataka ya kikohozi."

"Nataka kukuuliza juu ya Mwalimu."

Mikono ya haraka ilitulia. Yule dada aliangalia mlangoni, kisha akacheka kicheko kifupi, hakina furaha wala uchungu. "Kumbe ni wewe wa sasa. Ingia huku ndani, simama pembeni ya hilo friji, wateja wasikuone. Haya, uliza."

"Ni kweli alikupenda?"

"Alinipenda sana." Alilisema bila kujitetea. "Usije ukamwita mwongo kwa hilo. Mwanaume yule akikupenda, anakupenda mpaka unaona haya."

"Sasa kwa nini..."

"Ngoja. Na wewe nikuulize. Anakwambia hujaiva?"

Kidoti aliitikia kwa kichwa.

"Anakuita mezani, anakunong'oneza. Anasema kila kitu unakijua, ila unachanganya kinaya na kejeli. Si ndivyo?"

Ndivyo. Neno kwa neno. Mara zote tatu Kidoti alikuwa ameambiwa kosa lake ni hilo: hajui kutofautisha kinaya na kejeli. Usiku kucha alikuwa akikariri tofauti zake mpaka mama yake akadhani anasali.

"Hata mimi nilikuwa nachanganya hayo hayo," yule dada alisema. "Ajabu, eti? Miaka miwili tofauti, wanawake wawili, kosa moja. Aliniambia nikae niive. Nikakaa. Nimekaa mpaka nikaungua chini. Nilitaka kusomea ufamasia mimi, dada. Leo nauza dawa nisizoruhusiwa kuzichanganya."

"Mbona hukumuuliza?"

"Nilimuuliza. Kwa kunong'ona, kama alivyonizoesha. Na mambo ya kunong'onezana hujibiwa kwa kunong'onezana." Aliinua uso. "Halafu nilimpenda. Ukimpenda mtu unajidharau kwa ajili yake, unaona ni adabu."

Mteja akaingia, akataka plasta. Yule dada alimpa, akapokea, akarudi. Kidoti alikuwa ameshika ukingo wa friji.

"Usilie hapa," yule dada alisema kwa upole. "Kama unalia, kalie kwake. Na usinong'one."

"Silii," Kidoti alijibu, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza. Ilikuwa kavu kama nguo ya juani. "Nimekasirika."

"Afadhali. Hasira ikiwahi ni dawa. Mimi yangu ilichelewa."

*

Jioni ile darasa lilijaa mapema, kwa kuwa ndiyo siku ya kutajwa walioiva. Kidoti hakubadilisha nguo. Alikwenda na gauni lile lile la kazini, lenye doa la wanga mapajani, akakaa kiti chake cha mbele kama kawaida.

Mwalimu aliingia na shati la bluu. Macho yao yalikutana, na kwa nukta ile moja moyo wa Kidoti ulimsaliti, uliruka kama mtoto aliyemwona baba yake njiani. Alimtazama yule mwanaume, vidole vyake virefu, tabasamu lake la upande mmoja, akawaza: ningeweza kunyamaza. Ningeweza tu kunyamaza, na Jumapili wazee wakaja.

"Nitawaita mmoja mmoja," Mwalimu alisema, akavuta kiti mezani. "Kama kawaida yetu."

Mlinzi aliitwa wa kwanza. Akaenda, akainamiwa, akarudi huku uso wote unacheka. "Nimeiva!" alitangaza kabla hajakaa. "Jamani, mzee mzima nimeiva! Wajukuu watanikoma!"

Watu wakapiga makofi, Mwalimu akaliandika jina lake ubaoni. Akaitwa wa pili, wa tatu. Kisha, kwa ile sauti nyingine ya chini:

"Kidoti."

Kidoti alisimama. Hakwenda mezani.

"Niambie hapa hapa, Mwalimu."

"Njoo, nikuelekeze."

"Nasikia vizuri kutoka hapa."

Kiti kimoja kiliburuzwa. Mtu akasema "mh!" Mwalimu alitabasamu, lakini lile tabasamu lilishika upande mmoja tu wa uso. "Bado kidogo," alisema. "Tulishaongea, Kidoti. Bado kidogo."

"Kidogo gani?"

"Mambo ya darasani tu. Tutaongea baadaye."

"Haya ni mambo ya darasani, na hapa ni darasani. Niulize. Niulize mbele ya hawa wote, nikishindwa nitakaa, na Jumapili nitafanya unavyotaka. Nikijibu, jina langu linakwenda kesho."

"Kidoti..."

"Mwulize bwana!" Mlinzi alidakia. "Mtoto kaomba kuulizwa, siku hizi wapo wangapi?"

Darasa lilicheka, na kicheko kile kilimfungia Mwalimu njia zote. Akasimama. Akachukua chaki, ingawa hakuwa na la kuandika.

"Vizuri," alisema kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza wakaendelea. "Nipe tashbihi."

Kidoti alivuta pumzi. "Maneno ya Mwalimu wangu ni kama maji ya uvuguvugu. Hayachemki, hayapoi, yanakulaza usingizi mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi."

Mtu nyuma alipiga mluzi. Chaki ilitulia mkononi mwa Mwalimu.

"Sitiari," alisema kwa sauti ndogo zaidi.

"Kiti hiki ni jela yenye mto."

"Tashihisi. Kukipa kitu kisicho na uhai tabia ya mtu."

"Mlango ule pale umenisubiri tangu mwaka jana. Umechoka miguu. Leo umeamua kuniita jina."

"Chuku."

"Umeniambia sijaiva mara elfu."

"Mara tatu!" Mwalimu alijibu haraka, bila kufikiri.

"Ndiyo maana ikaitwa chuku."

Darasa lilipasuka. Mlinzi alijipiga paja, akageuka kwa jirani yake, "Umesikia? Umesikia huyo?" Lakini Kidoti hakucheka. Alikuwa anamtazama Mwalimu, naye Mwalimu alikuwa anamtazama yeye, na katika kelele zile zote walikuwa kama watu wawili waliobaki peke yao kwenye ngazi.

"Umebakiza moja," Kidoti alisema. "Ile inayonishinda. Uliza."

"Si lazima."

"Ile inayomshinda kila unayempenda. Uliza, Mwalimu."

Kicheko kilikatika. Mwalimu alifumba macho, akayafumbua.

"Tofauti," alisema, "ya kinaya na kejeli."

"Kejeli imo ulimini mwa mtu. Nikikwambia sasa hivi, 'Hongera, Mwalimu, kwa kunisaidia,' hiyo ni kejeli, na kila mtu hapa anasikia makali yake. Kinaya kimo katika mambo yenyewe, hata pasipo mtu wa kukebehi. Kinaya ni mtu ambaye kazi yake ni kuwafungulia watu mlango, halafu anayempenda kuliko wote ndiye anayemfungia."

Chini barabarani, mtu alikuwa anakata kioo, na ule mkwaruzo mwembamba ulipanda hadi dirishani.

Aliyesema ni Mlinzi, na safari hii hakuwa na mzaha. "Mwalimu. Samahani. Mimi lile swali nilijibu nusu ya hivyo. Nusu, na nikakosea maneno. Ukaniambia nimeiva."

Kidoti aliacha Kiingereza. Alirudi kwenye lugha ya nyumbani, ile aliyoimbiwa akiwa mgongoni. "Sasa zamu yangu. Nina swali moja. Ila usijibu kwa tashbihi, wala sitiari, wala chuku. Jibu hivi hivi, kama mtu anavyoomba maji. Kwa nini?"

"Wewe ni..." Mwalimu alianza.

"Hiyo sitiari inakuja."

"Bila wewe mimi nitakufa."

"Chuku."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliweka chaki mezani. Ilibingirika, ikaanguka, hakuiokota. Mabega yake, yale mabega ambayo Kidoti aliyajua kwa kipimo kwa sababu ndiye aliyenyoosha mashati yake yote, yalishuka.

"Niliogopa utaondoka," alisema. "Wote huondoka. Wakipita hawarudi hata kunisalimu. Nikajua ukipita utakwenda chuo, utakutana na watu, mimi nitabaki hapa na ubao. Karatasi zako zilikuwa nzuri. Zote tatu. Nilijua, na nikakwambia sivyo."

"Na yule kabla yangu?"

"Na yeye."

Kidoti alisikia macho yakimwuma. Kwa mwaka mzima alikuwa amengoja maneno ya mwanaume huyu, na haya, yasiyo na ua wala taa wala mtungi, ndiyo ya kwanza yaliyomfikia. Hapo ndipo alipompenda kuliko siku zote. Na hapo hapo akajua kwamba anamwacha.

"Andika jina langu," alisema.

"Nitaliongeza kesho asubuhi."

"Hapo ubaoni. Chini ya la Mzee. Wote waone."

Mwalimu aliinama, akaiokota chaki. Akaandika. Halikuwa Kidoti. Lilikuwa lile jina lake la kuzaliwa, na la baba yake, yote mawili, kwa mwandiko ule ule mzuri wa kulala upande. Lilipokamilika, Mlinzi alianza kupiga makofi, na darasa likamfuata.

*

Mwalimu alimkuta Kidoti kwenye ngazi. Alikuwa amemkimbilia, darasa lake limebaki linapiga domo nyuma yake.

"Kidoti. Simama. Nimeandika ulivyotaka."

"Nimeona. Asante."

"Umeniaibisha mbele ya watu."

"Mimi uliniaibisha mbele yangu mwenyewe. Mwaka mzima najiona mjinga, nakuja hapa naomba msamaha kwa akili yangu. Aibu yako itaisha wiki ijayo, watu wana mambo yao."

Mwalimu alishika ukuta. Mwanga wa jioni uliingia kwa dirisha la ngazi, ukamwangukia nusu ya uso, na Kidoti ilibidi atazame pembeni.

"Mimi ni daraja tu," Mwalimu alisema. "Watu wanapita, wananikanyaga, wanakwenda. Hujui inavyouma."

"Sijui. Lakini daraja likianza kuwashika watu miguu, wataliita mtego."

"Wazee wangu Jumapili..."

"Wasije."

"Baadaye basi. Ukishafanya mtihani."

"Nitakapotoka kwenye huo mtihani sijui nitakuwa nani. Huyo atakayekuwepo ndiye wa kuulizwa." Alianza kushuka, akasimama. "Kuna jambo moja. Nenda duka la dawa. Usinunue kitu. Mwambie yule dada ulichoniambia mimi, kwa sauti, bila mapambo. Kisha mpe nafasi kwenye darasa lako, akitaka, na umpitishe."

"Na wewe? Nikifanya hivyo, utarudi?"

"Unaona?" Kidoti alisema, na sauti ikamkatika kidogo, ndiyo mara pekee. "Bado unaniuliza kuhusu kurudi."

Akashuka. Hakugeuka nyuma, si kwa sababu alikuwa jasiri. Alijua akigeuka atapanda.

*

Mama alikuwa bado anafanya kazi aliporudi. Lile shati jeupe lilikuwa limetundikwa peke yake kwenye henga, kola imesuguliwa mpaka ile alama ya kuungua imekuwa kivuli tu.

"Limetoka?" Kidoti aliuliza.

"Halitoki lote. Ila asiyejua hataliona." Mama alimtazama gauni, macho, mikono. "Vipi?"

"Jina langu linakwenda kesho."

"Na Jumapili?"

"Jumapili tufue shuka za yule mama mnene."

Mama aliachia pumzi aliyokuwa ameishika tangu asubuhi, au tangu mwaka jana. Alifungua mdomo, na Kidoti akajua linalokuja.

"Mama, usiseme nilikwambia."

"Nilikuwa nataka kusema chakula kipo."

"Mwongo."

"Basi nilikwambia." Wakacheka wote wawili, na katikati ya kicheko Kidoti akaanza kulia. Mama akamvuta, akamweka kichwa begani, begani pale palipozoea kubeba mafurushi. Alimwacha alie mpaka akamaliza.

"Kile nilichokwambia asubuhi," Kidoti alisema puani. "Eti hujui. Nisamehe."

"Nilishasahau."

"Mwongo tena."

"Nyamaza ule."

Baada ya kula, Kidoti aliwasha pasi. Alilinyoosha shati la Mwalimu mara ya mwisho, mikono, mgongo, kola, akalikunja vizuri, kwa kuwa kazi ya mteja ni kazi ya mteja. Akaliweka juu ya kabati, pamoja na mengine yanayosubiri wenyewe.

Wewe binti unayesoma haya, na wewe mama mwenye binti, mambo ya kuepuka ni haya:

Mwalimu asiyerudisha karatasi.

Sifa zinazotolewa kwenye ngazi, na makosa yanayotajwa kwa mnong'ono.

Kuuliza kwa kunong'ona jambo linalohusu maisha yako.

Mtu anayesema mtihani haukimbii. Haukimbii kweli. Miaka ndiyo inayokimbia.

Kumchukia mwanamke aliyekutangulia kabla hujaongea naye.

Kumwambia mama yako hajui.

Maneno yote yenye 'kama' ndani yake, mpaka uyasikie bila 'kama'.

Kudhani ukimpenda mtu basi lazima ubaki. Kidoti alimpenda, akaondoka.